Badala ya fulana, tuwape filimbi

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozidi kukua nchini mwetu, nalo ni mtindo wa wananchi, hasa vijana wa mijini, kupanda milima kwa safari ya siku moja, kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na mtindo huo. Naupongeza. Zamani ilidhaniwa kwamba kupanda mlima ni kazi ya wageni kutoka Ulaya, na sisi kazi yetu ni kuwabebea mizigo. Leo kila Jumamosi na Jumapili hapa Morogoro utawaona watoto wa nchi hii wakishuka kwenye mabasi kutoka Dar es Salaam na Dodoma, wakiuliza njia ya kwenda Morningside au kilele cha Lupanga. Ndivyo ilivyo pia Lushoto na Arusha, na kwa ndugu zetu wa Kenya kule Ngong na Longonot. Hili ni jambo la afya na la kuipenda nchi, wala halifai kuvunjwa moyo.

Ninalolalamikia ni vitu wanavyobeba watu hawa, au kwa usahihi zaidi, vitu wasivyobeba. Mimi hupita njia hizo za Uluguru mara kwa mara, na ninayoyaona yananitia hofu. Kijana ana chupa moja ndogo ya maji, simu mkononi, viatu vya raba vyeupe na fulana yenye jina la kikundi. Basi. Ukimwuliza tochi iko wapi, anakuonyesha simu. Ukimwuliza ramani iko wapi, anakuonyesha simu. Ukimwuliza mvua ikinyesha atafanyaje, anacheka.

Kosa si la kijana peke yake. Siku hizi safari hizi huandaliwa na watu wanaotoza fedha. Soma matangazo yao: nauli imo, chakula cha mchana kimo, mpiga picha yumo, na fulana ya safari imo. Sijaona hata tangazo moja linalosema kwamba kila msafiri atakaguliwa kama ana tochi na nguo ya baridi. Tunawapa watu kumbukumbu ya kurudi kabla ya kuwapa uhakika wa kurudi.

Wako watakaosema kwamba nakuza mambo, kwani ni safari ya siku moja tu. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mtu anayekwenda kulala mlimani siku tano hujiandaa, hukodi wapagazi, hubeba hema na blanketi. Anayekwenda kwa siku moja hajiandai kwa usiku, kwa sababu hana nia ya kuuona usiku huo. Lakini mguu ukiteguka saa tisa alasiri, usiku haumwulizi mtu nia yake.

Tutazame hesabu. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Lupanga inapita mita 2,100. Maana yake anayepanda kutoka mjini anakwea zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja. Kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo uliyetoka mjini ukitokwa na jasho katika nyuzi 28, kileleni utakuta kama 18, na hizo ni za mtu mkavu asiyepigwa na upepo. Vaa fulana ya pamba iliyolowa jasho na mvua, simama kwenye ukungu, ndipo utajua kwamba baridi haikai Ulaya peke yake. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 hivi. Likianza kushuka mtu anatetemeka, likifika chini ya 35 anakuwa mzito wa kufikiri na kusema, na mwishowe anaweza kufa. Hakuna haja ya theluji kwa jambo hilo kutokea. Maji na upepo vinatosha.

Hesabu ya pili ni ya jua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halina tabia ya kuaga taratibu. Hapa kwetu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na karibu saa moja jioni mwaka mzima, na baada ya hapo mwanga unaobaki ni wa dakika ishirini na chache tu. Chini ya miti mikubwa giza hutangulia. Njia ile ile uliyopanda ukicheka, yenye mizizi na utelezi, ndiyo utakayoishuka ukipapasa.

Niliwahi kukutana na kundi la namna hiyo. Walikuwa kama ishirini, wafanyakazi wa ofisi moja iliyokuwa imewapeleka matembezi. Walichelewa kileleni kwa sababu ya picha. Wakati wa kushuka dada mmoja aliteleza, mguu ukavimba, akawa hawezi kukanyaga. Kikundi chote hakikuwa na kitambaa cha kumfungia wala kitu cha kumfunika, na mvua ilikuwa imeanza. Simu kumi na mbili zilikuwa zimezimika kwa kupiga picha tangu asubuhi, na zile zilizobaki zilikuwa ndizo taa pekee, kwa hiyo aliyetaka kupiga simu ya kuomba msaada aliambiwa asimalize chaji. Waliokolewa na wanawake wawili wa Kiluguru waliosikia kelele zao kutoka mashambani. Akina mama wale walikuwa na tochi, kanga na panga. Walikata miti miwili wakatengeneza machela, na yule dada alifika barabarani baada ya saa sita usiku. Kiongozi wa msafara alipoulizwa ni kwa nini hakuwa hata na bandeji, alijibu kwamba hiyo haikuwamo kwenye bajeti. Fulana zilikuwamo.

Sasa nitaje mkoba ninaoutetea. Sitaki wananchi wadhani nawaagiza wabebe duka zima. Vitu vyenyewe ni kumi, na vyote vinapatikana katika soko lolote la mji wa wilaya.

Cha kwanza ni filimbi. Sauti ya mtu anayepiga kelele huisha baada ya nusu saa, lakini filimbi hupiga kwa pumzi ndogo na husikika ng'ambo ya bonde. Wapanda milima wa Ulaya wana desturi ya kupiga mara sita katika dakika moja, kutulia dakika moja, kisha kurudia. Anayewasikia hujibu kwa tatu. Wamarekani hutumia tatu. Lililo muhimu ni kikundi kipatane kabla ya kuondoka.

Cha pili ni tochi yenyewe, si ya simu, na betri za akiba. Ile ya kuvaa kichwani ni bora, maana inakuachia mikono yote miwili. Cha tatu ni kiberiti kilichofungwa kisiingie maji. Hiki nakitaja kwa onyo: katika misitu ya hifadhi moto ni marufuku, na sote tunaukumbuka moto wa Oktoba 2022 uliounguza Mlima Kilimanjaro kwa siku kadhaa. Kiberiti ni cha mtu ambaye maisha yake yako hatarini, si cha kuchomea mahindi. Cha nne ni kisu kidogo.

Cha tano ni kipande kikubwa cha nailoni nene, ile inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kinachotosha kumfunika mtu mzima aliyekaa. Asiyenacho achukue salfeti mbili safi azifumue na kuzishona pamoja. Kitu hiki kimoja kinazuia mvua na upepo, navyo ndivyo adui wakubwa. Cha sita ni sweta la sufu au lile zito la kitambaa cha manyoya linalouzwa kwenye mitumba. Pamba haifai, kwa kuwa ikilowa inakunywa maji na kunyonya joto la mwili. Cha saba ni koti jepesi la mvua.

Cha nane ni kanga au kitenge. Wasomaji wasicheke. Kanga inafunga mkono uliovunjika, inashikilia vijiti vya kunyooshea mguu, inafunika kichwa wakati wa jua na inabeba mtoto. Mama zetu wamekuwa wakitembea na sanduku la huduma ya kwanza kiunoni miaka yote hii bila kuliita jina hilo.

Cha tisa ni dawa: bandeji mbili, plasta, pamba, pini, vidonge vya maumivu, vidonge vya kutibu maji, pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, pamoja na dawa za mwenyewe kama ana pumu au kisukari. Chumvichumvi zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi vinafanya kazi hiyo. Cha kumi ni chakula cha akiba kisichooza: karanga, korosho, kashata au tende. Hicho hakiliwi kileleni. Kinarudi nyumbani kama safari imekwenda salama.

Niliviweka vitu hivyo vyote kwenye mizani ya mwenye duka jirani. Vilikuwa kilo moja na robo tatu. Ongeza lita mbili za maji, ambazo kila mtu anapaswa kuwa nazo hata bila barua yangu. Ongeza pia simu ya kitochi yenye chaji kamili, imezimwa na kuwekwa chini kabisa ya mkoba, iwe ya kupigia 112, au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, siku ya shida. Uzito wote haufikii ule wa mtoto wa mwaka mmoja.

Najua zipo hoja za kunipinga. Hoja ya kwanza husema: mbona wenyeji wa milimani hupanda na kushuka bila mkoba wo wote? Hii ni hoja ya mtu asiyetazama. Mluguru anayeshuka na ndizi sokoni ana panga, ana kanga, ana kiberiti, anajua kila kijito, na kila baada ya mwendo mfupi ana nyumba ya shangazi au mjomba. Mkoba wake ni ujirani na ujuzi. Wewe mgeni huna shangazi kwenye msitu wa Lupanga, kwa hiyo lazima ubebe mgongoni kile ambacho mwenzako amekiweka kichwani.

Hoja ya pili husema: vifaa vya namna hiyo ni ghali na vinatoka nje. Hii ni kasumba. Ni kweli kwamba visanduku vya kujiokolea vinauzwa kwenye mitandao kwa fedha nyingi, na baadhi yake vina ndoano na uzi wa kuvulia samaki. Sijui mtu atavua samaki gani juu ya Lupanga. Wamarekani wa chama cha The Mountaineers cha Seattle, kilichoanzishwa mwaka 1906, walianza miaka ya 1930 kuwafundisha wanafunzi wao orodha ya vitu kumi vya lazima, na mwaka 1974 wakaiingiza katika kitabu chao. Walitaja ramani, dira, miwani ya jua na kadhalika, kwa kuwa walikuwa wakiitazama milima yao yenye theluji. Tuchukue hekima yao ya kufikiri mapema, lakini orodha tuitunge wenyewe kwa kuitazama milima yetu. Ramani na dira ni vizuri kwa anayejua kuvisoma. Kwa wengi wetu kinga bora ya kutopotea ni kuwa na mwongozaji wa mahali hapo, na kumwachia mtu nyumbani karatasi inayosema tunapita njia gani na turudi saa ngapi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu siku hizi, nayo ni kwamba simu inatosha. Ni kweli teknolojia imepanda juu. Agosti 2022 intaneti iliwekwa Horombo katika Mlima Kilimanjaro, kwenye mita 3,720, na hilo ni la kujivunia. Lakini Horombo ni kituo, na mtu havunjikii mguu kituoni. Huvunjikia bondeni, nyuma ya mgongo wa mlima, mahali ambapo mtandao haufiki. Tena betri hupungua nguvu kwenye baridi, na hata simu ikishika, huyo unayemwita atatumia saa nyingi kukufikia. Simu inaita msaada. Haimfuniki mtu wakati akiusubiri.

Pamoja na hayo, nisije nikaeleweka vibaya. Mkoba si hirizi. Mwaka 2019, mwezi Septemba, mafuriko ya ghafla yaliwasomba watalii katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, na kuua watu kadhaa. Hakuna filimbi inayozuia maji. Mahali kama hapo dawa ni kutoingia korongoni mawingu yakiwa mazito juu, hata kama kwako hakuna tone. Vilevile aliyeumwa na nyoka hasaidiwi na kisu: asichanjwe, asinyonywe sumu, asikazwe kamba, avuliwe pete na viatu, kiungo kitulizwe, abebwe hospitali haraka. Mkoba bila akili ni mzigo tu. Lakini akili bila mkoba, usiku, kwenye mvua, ni majuto.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne kwa wahusika.

La kwanza, wanaoandaa safari hizi kwa malipo waache kutoa fulana kwanza. Fedha hizo hizo ziwanunulie wasafiri filimbi na tochi, na kila kundi la watu kumi liwe na nailoni mbili na sanduku moja la dawa. Asiyetaka kufanya hivyo asipewe watu wa kuwapeleka.

La pili, kwenye malango ya hifadhi ambako watu hulipa kiingilio, mlinzi aandike saa ya kuingia na saa ya kugeuka. Nasema saa ya kugeuka, si ya kurudi. Kikundi kikijua kwamba saa saba mchana ni lazima kigeuke, kilele kifikiwe kisifikiwe, tochi nyingi zitarudi nyumbani hazijawashwa. Mlinzi huyo aulize pia: tochi iko wapi? Swali hilo halihitaji bajeti.

La tatu, walimu na walezi wa skauti wawafundishe watoto kufunga mkoba huu shuleni, kabla ya safari ya kwanza. Mtoto aliyejifunza kufunga kanga kwenye mkono wa mwenzake uwanjani hatatetemeka siku atakapoifunga msituni.

La nne ni kwa wasafiri wenyewe. Wengi wenu mnajificha nyuma ya kikundi, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyebeba. Wakiwa ishirini, hakuna aliyebeba. Kila mtu abebe wake, kwa sababu ukungu ukishuka unaweza kuachwa nyuma hatua hamsini tu, na hizo hamsini zinatosha kukufanya uwe peke yako.

Wazee walituambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakati mwingine hata anayesikia huvunjika guu, kwani mlima ni mlima na mvua ni mvua. Tofauti ni kwamba huyu wa pili atafungwa kanga, atafunikwa nailoni, atapiga filimbi yake mara sita na kutulia, na atakuwa hai watakapomjibu.



Mpanda Mlima wa Jumapili,
Morogoro